Fundi Afunge Kinga

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka arobaini na moja, na huo ndio mwaka dhiki yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na umaskini si dhiki, umaskini ni kazi: unaamka, unabeba, unauza, unalala. Watu husema mtu hufundwa angali mbichi. Mimi nilifundwa nikiwa mama mzima, mvi za mbele zimeshatoka, na kilichonifunda ni neno moja la Kiswahili nililodhani nalijua. Nimesoma mpaka darasa la tatu. Sijaona haya kwa hilo hata siku moja, kwa sababu wapo waliosoma kuliko mimi wamepanga vyumba kwangu na kila asubuhi wananiamkia. Naandika polepole, herufi zangu kubwa kama za mtoto, lakini ni zangu.

Mwaka huu tumemzika mdogo wangu Shomari kule kwetu Masaki, Kisarawe. Arobaini yake haijafika, lori likaleta kutoka Dar ile pikipiki ya magurudumu manne niliyoiagiza kwa ajili ya shamba la mikorosho, maana lile shamba lina bonde la mchanga mbele na mawe nyuma, na mimi magoti hayataki tena. Athumani, mtoto wa Shomari, mtu mzima sasa mwenye mke wake, ndiye msimamizi wa shamba. Aliizunguka ile pikipiki, akaipigapiga tangi kama mtu anayenunua ng'ombe, akainama akachungulia chini ya tumbo lake, na akiwa bado ameinama akaniuliza, "Shangazi, hii haiwezi kuingia shambani hivi hivi. Tuanze na lipi? Tuiongeze nguvu au tuifunge kinga?" Hakujua alichokisema. Nilimwambia angoje, nikaingia ndani, nikakaa kitandani na kanga ya msibani bado kichwani. Baba yake aliniuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale, akiwa na miguu yake yote miwili.

Wakati ule nilikuwa na chumba kimoja Visiga, unatoka barabara ya Morogoro unapita nyuma ya mashine ya kusaga. Kuta hazikufika juu. Bati lilikuwa la wote na maneno yalikuwa ya wote. Nilikuwa nauza mkaa kwa viroba, mpaka watu wakaniita Mama Viroba, na mkaa wangu ulitoka Masaki kwa magari ya watu, wanaoleta wanapotaka na kupandisha bei wanapotaka. Ndiyo maana nikanunua pikipiki, mpya, na nailoni ya kiwandani bado imeng'ang'ania tangini. Ilikuwa inalala ndani pamoja nami, kati ya kitanda na magunia, na chumba kizima kilinuka petroli na mpira mpya. Shomari alikuja siku ya Ijumaa baada ya swala kuiona. Nilipika ugali na kisamvu cha nazi, kisamvu chenyewe alikuwa amekileta yeye, mama amekitwanga kule Masaki na kukifunga kwenye majani ya mgomba. Tulikula tumekaa chini, migongo yetu imeegemea gurudumu. Chumba cha pili alikaa karani mmoja aendaye Dar kila siku kazini, na mkewe. Siku ile karani alikuwa nyumbani, na tukawasikia kama tumekaa nao mkekani.

"Mama Viroba kanunua pikipiki," mke akasema.

"Kwa hela ya mkaa?"

"Kwa hela ya mkaa. Na wewe unakwenda Dar na tai."

"Tai sipendi mimi. Kazini ndiko wanakotaka."

"Basi waambie na pikipiki waitake."

Shomari alicheka mpaka kisamvu kikampalia, kisha akanyanyua sauti kuelekea juu ya ukuta. "Shemeji, siku ukichoka kusimama kwenye basi nambie. Nitakupakia juu ya gunia, tai yako nitaifungia mzigo." Upande wa pili na wao wakacheka. Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mtu wa kucheka na mtu wa kucheza. Mdundiko ukipita njiani, Shomari anaacha chakula mezani, anaacha mgeni, anaifuata ngoma hadi kijiji cha tatu na anarudi kesho yake na vumbi kichwani. Mama alikuwa akisema miguu ya mtoto huyu iliumbwa kwanza, mwili ukaja kuongezwa baadaye.

Tulipomaliza kula ndipo akauliza. "Da Mwaju, tuanze na lipi, nguvu au kinga?" Maneno haya alikuwa ameyatoa kwa fundi wa pale Visiga, mtu wa Moshi ambaye kila mtu alimwita Fundi Mangi. Mangi alikuwa amegawa dunia mafungu mawili. Nguvu ilikuwa ni sproketi, lile gurudumu la meno la mnyororo, kubwa zaidi nyuma, ili pikipiki ipoteze mbio lakini ipande mlima na mzigo. Tairi zenye kashata nene, yale meno ya kushika udongo. Shokapu za kazi. Na keria ya chuma badala ya ile ya kuchezea inayokuja na pikipiki. Kinga ilikuwa ni bamba la chini, la kuzuia mawe yasipasue injini, na vyuma vya kupinda vya ubavuni, vinavyotokeza kulia na kushoto ili pikipiki ikianguka isimlalie mtu mguu. Mimi nilitaka kinga kwanza. Njia ya porini ya kutoka Masaki naijua, nimeipita kwa miguu na gunia kichwani. Shomari alitaka nguvu. "Nguvu italeta mzigo, dada, na mzigo utaleta kila kitu, hata hiyo kinga yako." Tulipokwenda kwa Mangi atuamue, hakutuamua. Alikuwa amelala chini ya gari la mtu, akatujibu kutoka huko huko.

"Pikipiki mpya ni kama bibi harusi, Mama Viroba. Unamlisha kwanza au unamvalisha kwanza?"

"Unamwuliza mwenyewe," nikamwambia.

"Basi muulizeni, mimi nimeshika boliti hapa."

Mwisho tukakubaliana kifamilia. Mimi nimeshatoa chombo. Shomari atatoa nguvu, kutoka kwenye akiba yake ya vibarua. Na mama, ambaye korosho zake zilikuwa zimekaribia kuuzwa, alikuwa ameshatuma neno kwamba naye asiachwe nje, chombo cha wanawe lazima kiwe na mkono wake. Basi mama atatoa kinga. Mimi chombo, Shomari nguvu, mama kinga. Nilivyolala siku ile sijalala hivyo tena. Nilinyoosha mkono gizani nikaishika ile tairi.

Mangi alifunga vitu vya nguvu vyote, na pikipiki ikawa nyingine. Ilinguruma kwa chini, kama mtu anayesema maneno machache lakini anayamaanisha. Kisha akaanza kukusanya spana zake. Nikamuuliza vipi kuhusu kinga, akaniambia, "Desemba sipo. Desemba mtu wa kwetu yuko mgombani na wazee wake. Nikirudi nitakupindia vyuma hata vya kuzuia trekta." Sikuweza kungoja. Msimu wa mkaa ulikuwa umepanda, mvua zilikuwa zinakuja na mvua zikija mkaa ni dhahabu. Masaki kulikuwa na kijana wa kuchomelea, ameweka jenereta karibu na msikiti, anatengeneza mageti na madirisha, mkono wake mzuri. Nikamtuma Shomari aende na pikipiki, mama aione, na huko huko kazi imaliziwe. Halafu nikampigia mama kwa simu ya muuza duka.

Maneno yale nayajua kama Alhamdu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Korosho nimeshauza. Nangoja amri yako."

"Shomari yuko njiani na pikipiki. Nguvu imeshafungwa. Mpeleke kwa fundi afunge kinga. Asibebe mzigo kabla ya kinga."

"Fundi yupi? Siku hizi wako wengi, na wengine waongo."

"Huyo huyo wa hapo, mwenye mkono mzuri."

"Aa, huyo namjua. Huyo akifunga amefunga."

"Na iwe imara mama, njia ile mbaya."

"Njia mbaya naijua, na watu wabaya nawajua. Wewe uza mkaa wako, usiwe na wasiwasi."

Nimeyarudia maneno haya miaka yote hii, njiani, jikoni, kwenye swala nikiwa nimesimama mbele ya Mungu, na sijaona ndani yake uongo wowote, wala wangu wala wake. Asiyetoka kwetu hatanielewa mpaka nimwambie: kwetu Kisarawe fundi si wa pikipiki peke yake. Wazee wetu humwita fundi hata mtu wa dawa, maana naye ana ujuzi wake na ana mkoba wake wa kazi. Naye hufunga. Na anachokifunga huitwa kinga.

Mama alimpeleka Shomari kwa Mzee Kondo, mtu wa dawa wa pale Masaki. Shomari alijua, hakuwa mjinga. Alimwambia, mama, dada alisema vyuma. Mama akamjibu, "Dada yako kasema kinga. Vyuma angevitaja ningevisikia. Na korosho zimeshakwenda." Angefanya nini? Angemwambia mama yake kwamba kinga yake si kinga? Alivua viatu, akakaa mkekani, pikipiki ikafukizwa, ikasomewa, ikazungushwa, na chini ya kiti kikafungwa kifuko kidogo cha kaniki kwa uzi mwekundu. Jioni yake akanipigia. "Da Mwaju, kinga tayari." Na mimi, nikiwa nimekaa juu ya gunia pale Visiga, nikasema Alhamdulillah.

Ile nguvu ilifanya kazi yake sawasawa. Ilipanda pale ambapo pikipiki nyingine watu hushuka wakasukuma. Ikamzoesha Shomari kuongeza kiroba, na kingine, na kingine, na mimi pale Visiga nikawa napokea mkaa gizani, viroba vimefunika ubavu wa pikipiki na mimi sikuinama kutazama vyuma, mpaka wateja wananiita tajiri kwa utani. Kisha mvua ikapiga. Kwenye kilima kimoja cha udongo mwekundu, tairi ya nyuma ikateleza, pikipiki ikalala upande wa kulia na mzigo wake wote, na mguu wa Shomari ukawa chini. Bomba la moshi ni upande huo huo. Njia ile haina watu. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha akawa anasikiliza mvua ikigonga bomba na kuchemka. Haya aliniambia mwenyewe, mara moja tu. Wachoma mkaa waliokuwa wakirudi makwao ndio waliomwinua.

Nilifika hospitali ya Tumbi nikamkuta mama ameshafika, amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji lililokwisha kupoa. Madaktari walikuwa wameshasema kwamba mguu hauna uhai tena na ukibaki utamchukua mwenyewe. Walisema vizuri, kwa adabu, na mimi ndiye niliyeweka dole gumba wakaukata. Nilipoinua mashuka nikaangalia, nikamgeukia mama.

"Mama, nilisema kinga."

"Nami nimefunga kinga."

"Ya chuma."

"Hukutaja chuma."

"Nilisema fundi."

"Nami nilikwenda kwa fundi. Ulisema mwenye mkono mzuri, nikaenda kwa mwenye mkono mzuri. Nifanye nini tena, mwanangu? Nambie, nifanye nini?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mmoja aliyefungwa bandeji tumboni, alianza kucheka. Hakutaka kucheka, alikuwa anajishika jeraha, anasema samahani mama zangu, samahani, na machozi yanamtoka. Shomari akageuza uso ukutani. Sikujua kama naye anacheka au analia, na sikumwuliza.

Nilikwenda Masaki kuiona pikipiki. Wale wachoma mkaa walikuwa wameisukuma mpaka uani kwa mama, wameiegemeza ukutani. Niliikagua kwa macho kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Nikaipangusa tope kwa ncha ya kanga, nikatafuta mkwaruzo. Haukuwepo. Kioo kizima, usukani haujapinda, nailoni ya tangi bado iko mahali pake. Upande wa kushoto haukugusa kitu, na upande wa kulia ulikuwa umelalia viroba na mguu wa mdogo wangu. Alikuwa ameilinda yeye. Mguu wake ndio uliokuwa kile chuma cha ubavuni.

Nikiwa na hasira ile nikaenda mpaka kwa Mzee Kondo, mchana kweupe, nimekusudia kumvunjia vyungu. Nikamkuta anamenya mihogo na mkewe. Nikamwamkia, kwa sababu nililelewa, akaitikia marahaba na akanisogezea kigoda. Nikamwambia kinga yako imemkata mtu mguu. Akaweka kisu chini.

"Mama yenu aliniletea nini?" akaniuliza.

"Pikipiki."

"Alisema nifunge nini?"

"Pikipiki."

"Na pikipiki imepata nini?"

Nikayatazama maganda ya mihogo.

"Imepata nini, mwanangu?"

"Haikupata kitu."

"Basi. Mtu hakuletwa. Angeletwa mtu, ningemfunga mtu." Akaokota kisu chake. Hakunicheka, wala hakujisifu. Mkewe akanifungia mihogo kwenye gazeti niende nayo. Nilifika nayo mpaka njiani nikaitupa, kisha nikarudi nikaiokota, maana chakula hakina kosa.

Watu wakiniuliza mwaka uliofuata ulikuwaje nawaambia haukufuata. Mwaka ule uliendelea tu. Mama yake Athumani, mke wa Shomari, aliondoka akarudi kwao. Shomari akakaa Masaki kwenye nyumba ya mama, na pikipiki ikakaa naye barazani, kwa sababu hakutaka iuzwe na mimi sikutaka kuiona Visiga. Kila asubuhi aliipangusa kwa kitambaa, akiruka na gongo lake kutoka upande huu kwenda upande ule. Siku moja nilikuwa nimekwenda kumpelekea mchele na mafuta, mdundiko ukapita, harusi ya watu. Ngoma ikaanza kusikika mbali, ikaja, ikawa hapa. Wanawake wakamwita kwa jina, wale waliozoea kumwita, kabla hawajakumbuka. Shomari hakuinua kichwa. Aliendelea kupangusa, lakini mkono wake ukawa unakwenda na ngoma, mbele na nyuma juu ya tangi, mpaka ngoma ikapita ikapotea, na mkono haukusimama. Baadaye alianza pombe. Nilimkataza mara nyingi, kisha nikawa namnunulia mimi, walau anywe ya kiwandani.

"Da Mwaju," aliniambia siku moja, hajalewa, "ile kinga ilifanya kazi. Itazame pikipiki." Sijui mpaka leo kama lile lilikuwa tusi, au mzaha wake wa zamani, au alikuwa anamtetea mama. Nilimtazama usoni nione, na uso wake ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa.

Mimi na mama hatukugombana tena, na hicho ndicho kilichotumaliza. Nilikwenda kila mwezi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Halafu basi. Adabu ilituruhusu maneno hayo mawili na hatukuwahi kuongeza la tatu. Alipofariki nilimwosha kwa mikono yangu, na nilipofika miguuni nikaiosha muda mrefu kuliko inavyotakiwa, mpaka mwoshaji mwenzangu akaniambia inatosha. Nilitegemea huzuni ije. Haikuja. Kilichokuja ni uchovu, nao haujaondoka. Watu wanadhani mali inaleta faraja. Nimejenga, nimenunua, nimeheshimika, na kila nilichokipata nilikipata nikiwa nimeuma meno, kama mtu anayelipiza kisasi na hamjui adui.

Basi nilikaa kitandani siku ile ya pikipiki ya magurudumu manne mpaka Athumani akabisha hodi. "Shangazi, vipi, nimwambie fundi nini?" Nikatoka. Nikamwambia asimwambie fundi afunge kinga. Neno hilo kwenye nyumba yangu lisitumike. Amwambie achomelee bamba la chuma chini ya tumbo, bomba nene la kupinda mbele, lingine nyuma, na vizuizi vya miguu kulia na kushoto, na nitakwenda mwenyewe nikae hapo hapo kwenye cheche mpaka amalize.

"Na nguvu?"

"Hakuna."

"Shangazi, na mzigo haitapanda kile kilima."

"Isipande."

Alinitazama kama kijana anavyomtazama mzee aliyeanza kupungukiwa. Hajui habari hizi za kinga. Baba yake hakumwambia, na mimi simwambii. Atakaposoma hapa atajua.

Leo nina nyumba ya vyumba sita Visiga, vinne vimepangishwa. Nina shamba la mikorosho Masaki na nyumba ya mama iliyo ndani yake, imefungwa. Nina lori moja zima na jingine bovu. Nina pikipiki ya magurudumu manne, ina vyuma pande zote, nguvu yake ni ile iliyokuja nayo. Nina makaburi mawili ya kufyekea nyasi. Na nina pikipiki ya mwaka 2009, sproketi kubwa, tairi za kashata, kifuko cha kaniki chini ya kiti. Haina mkwaruzo.